Studio ya chumbani: wimbo wako huanzia wapi?

Mwulize kijana wa Temeke, Manzese au Kayole anayetengeneza biti chumbani kwake anatumia programu gani, aghalabu atakujibu kwa herufi mbili: FL. Mwulize aliichaguaje, atacheka. Hakuichagua. Aliikuta kwenye kompyuta ya kaka yake, au kwenye studio ya mtaani alikoanza kwa kutumwa chipsi na vocha, akawa anachungulia kioo kutoka nyuma ya kiti cha prodyuza hadi siku alipoachiwa kiti chenyewe.

Njia hiyo si mbaya. Ufundi mwingi kwetu hufundishwa hivyo, na programu anayoijua jirani yako ina faida isiyoandikwa kwenye tangazo lolote: ukikwama saa nne usiku, yupo mtu wa kumpigia simu. Shida huanza siku mwenyekiti wa kwaya anapomwendea dogo yuleyule na kumwambia, "Mwanangu, tunataka kurekodi albamu. Tuko ishirini na wanne, tuna magitaa matatu na ngoma." Hapo kijana anagundua kuwa miaka yote amekuwa akijua kona moja tu ya kazi, ile ya kupanga mdundo, na kwamba kunasa watu wanaopumua, wanaokohoa na wanaokosea ubeti wa pili ni kazi nyingine.

Kila programu ya kupanga muziki ilizaliwa kutatua shida ya watu fulani, na hadi leo kazi hiyo ndiyo inayoifanya kwa wepesi kuliko nyingine. Zote zimekua, zote zimeibiana mbinu, na ukiwa na subira unaweza kufanya karibu kila kitu katika yoyote. Lakini studio ya chumbani haina subira nyingi. Ina joto, ina jirani anayegonga ukuta, ina umeme wa kununua. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ipi ni bora, jiulize wimbo wako huanzia wapi: kwenye mdundo, kwenye kinanda, kwenye koo la mwimbaji au jukwaani.

Kinachopita kwenye waya

Mwaka 1983 watengenezaji wa vinanda wa Marekani na Japani waliafikiana lugha moja ya vyombo vya umeme, MIDI. Januari mwaka huo, kwenye maonyesho ya biashara ya ala huko California, kinanda cha Sequential kiliunganishwa kwa waya na cha Roland, kimoja kikapigwa na vyote viwili vikalia. Kilichopita kwenye waya ule hakikuwa sauti. Yalikuwa maelekezo: noti namba 60 imebonyezwa, kwa nguvu ya 97 kati ya 127, sasa imeachiwa. Sikwensa ni chombo cha kutunza maelekezo hayo na kuyatoa tena kwa wakati wake.

Wanaoanza wengi hawaelezwi jambo hili, na ndilo linalofungua mengine yote. Kwa kuwa kilichotunzwa ni maelekezo, unaweza kupiga melodia leo kwa sauti ya piano na kesho ukaigeuza filimbi bila kuipiga upya. Unaweza kupandisha wimbo mzima nusu toni kwa sababu mwimbaji ameamka na mafua. Na kinanda kidogo kisicho na spika wala sauti hata moja ndani yake, kile cha kuchomekwa USB, kinatosha kabisa, maana sauti zote zinatoka kwenye kompyuta. Mzazi anayeombwa pesa ya kinanda kikubwa ili mtoto "atengeneze muziki" na ajue hilo.

Mwaka 1985 kampuni ya Atari ilitoa kompyuta iliyokuwa na matundu ya MIDI, ST, na wanamuziki wakaikimbilia. Humo ndimo ilimozaliwa Cubase ya Steinberg, Hamburg, mwaka 1989, ikiwa na mpangilio ambao leo kila mtu anaufahamu: ala zimepangwa juu hadi chini, muda unakwenda kushoto hadi kulia. Watu wa wakati huo walikuwa wapiga vinanda. Walitaka kupiga, kusahihisha na kuchapa noti. Ndugu yake Cubase, Logic, ana asili hiyohiyo ya Kijerumani, ila mwaka 2002 Apple iliinunua kampuni iliyoitengeneza na toleo la Windows likafutwa. Tangu hapo Logic ni ya wenye vifaa vya Apple peke yao. Ikiwa unayo Mac, usihangaike: anza na GarageBand, ambayo ni ya bure, na ukiizidi, Logic inazifungua kazi zako za GarageBand kama zilivyo, kwa karibu dola 200 zinazolipwa mara moja.

FL ilitoka kwingine. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Didier Dambrin aliiandika kwa ajili ya kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji, ikiitwa FruityLoops, na mwanzoni haikuwa zaidi ya safu za vidude kumi na sita kwa kila ngoma. Bonyeza cha kwanza, cha tano, cha tisa na cha kumi na tatu, kiki inalia kwenye kila pigo. Mpango huo ni wa mashine za ngoma kama Roland TR-808 ya mwaka 1980, ambayo nayo ilikuwa na vitufe kumi na sita. Jina lilibadilishwa kuwa FL Studio mwaka 2003, programu ikaongezwa kila kitu, lakini ukiifungua leo bado zile safu ndizo zinazokupokea. Mtu asiyejua noti hata moja anaweza kupata mdundo ndani ya dakika kumi. Hiyo ndiyo sababu mitaa ya Dar es Salaam, Lagos na Atlanta iliipenda.

Na kwa kazi ya mdundo, mtaa haukukosea. Chukua singeli. Muziki huu unakimbia kwa mapigo 200 hadi 300 kwa dakika, umejengwa kwa vipande vifupi vinavyorudiwa, kukatwa na kuongezwa kasi, na mizizi yake ni ya mchiriku, ambao wenyewe ulipigwa kwa vinanda vidogo vya Casio vilivyopitishwa kwenye spika chakavu. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipotoa mkusanyiko wa "Sounds of Sisso", wasikilizaji wa Ulaya walishangaa muziki wa namna ile umetoka kwenye vyumba vidogo na kompyuta za kawaida. Wa Tandale hawakushangaa. Programu inayofikiri kwa vipande na marudio ilikutana na watu wanaofikiri hivyohivyo.

Ila kuna mambo mawili yasiyosemwa dukani. La kwanza, toleo la bei ya chini la FL, lile linaloitwa Fruity, halirekodi sauti ya mtu. Ukitaka kuingiza vokali ndani ya wimbo unahitaji toleo la Producer au la juu yake. La pili, toleo la majaribio linakuruhusu kuhifadhi kazi lakini halikuruhusu kuifungua tena mpaka ulipie. Vijana wengi hudhani kompyuta imeharibika. Haijaharibika; kazi yako ipo, inasubiri leseni. Kwa upande wa pili, Image-Line ina desturi ambayo ningependa wengine waige: ukilipa mara moja, matoleo yote yajayo ni yako bure maisha yote.

Kwaya, bendi na robo toni

Sasa turudi kwa mwenyekiti wa kwaya, maana nadhani hapa ndipo uchaguzi wa mtaa umetugharimu.

Radio Tanzania Dar es Salaam ilizirekodi bendi zetu za dansi zikipiga pamoja, chumba kimoja, mpulizaji na mpiga besi wakitazamana. Ukizisikiliza rekodi zile unasikia watu wakisubiriana. Kwaya nyingi zinazorekodiwa sasa hurekodiwa kinyume chake: prodyuza anatengeneza biti kwanza kwa kinanda, kisha waimbaji wanaingizwa wawili wawili kwenye kabati lililopigwa magodoro, na anayechelewa anavutwa kwa kompyuta. Kwaya ya watu ishirini na wanne inatoka ikisikika kama ya watu wanne. Lawama nyingi zinamwendea prodyuza. Sehemu yake ni ya programu, kwa sababu mtu hufanya kile ambacho kioo kinamrahisishia.

Kwa kurekodi watu, ningemshauri kijana atazame Reaper. Iliandikwa na Justin Frankel, yuleyule aliyetupa Winamp ya kusikilizia nyimbo enzi za kompyuta za mezani. Faili lake la kuingizia ni dogo kiasi kwamba bando la siku linatosha, inakwenda kwenye kompyuta za zamani, na haijali kama unarekodi chaneli mbili au ishirini. Mwimbaji akirudia ubeti mara sita, marudio yote sita yanapangwa chini ya wimbo mmoja na unachagua mstari mzuri kutoka kila moja. Leseni kwa mtu binafsi na biashara ndogo ni dola 60. Kwa biashara kubwa ni dola 225. Na majaribio ni ya siku 60 bila kufungiwa chochote.

Aibu yake ni kwamba karibu haina ala. Unaiingiza, unachomeka kinanda, unabonyeza, kimya. Piano, besi, ngoma, vyote utavitafuta mwenyewe kama plagini. Zipo za bure na nzuri, Surge XT ikiwa mojawapo, lakini kukusanya ghala lako ni kazi ya wiki kadhaa. Ndiyo maana watengeneza biti huijaribu jioni moja na kuitupa. Wanaionea, na wana haki ya kuionea.

Programu haiongezi matundu, pia. Saundi kadi yenye matundu mawili ya maiki itarekodi maiki mbili kwa wakati mmoja, hata ukiweka programu ya mamilioni. Kwa kwaya yenye pesa kidogo, maiki mbili nzuri zilizowekwa vizuri mbele ya waimbaji kanisani, usiku magari yakipungua, zitashinda kabati la magodoro.

Taarabu ina mtihani wake, na sijaona ukizungumzwa inavyostahili. Maqam ya rast, ukiianzia do, inataka mi na si zishuke robo toni. Bayati ikianzia re inataka mi hiyohiyo iliyoshuka. Mpiga fidla, udi au ganuni wa Zanzibar anaziweka kwa vidole bila kufikiri. MIDI haizijui. Orodha yake ina noti 128 zilizopangwa kwa nusu toni, na kati ya mi na mi bapa hakuna kitu. Kijana anayetengeneza taarabu kwa FL au Cubase bila kujua hili anapata wimbo ambao shangazi yake atausikiliza, atatikisa kichwa na kusema "umepungukiwa", asiweze kueleza umepungukiwa nini.

Njia zipo. Ya zamani ni kutumia kile kigurudumu cha kupindisha noti. Kikiwa kimepangwa kufika toni moja juu na moja chini, kuna hatua 8,192 kwenda chini, hivyo robo toni ni hatua 2,048. Unaiandika namba hiyo chini ya kila mi ya rast, basi. Kasoro ni kwamba upindishaji huo huvuta noti zote za chaneli ile kwa pamoja, kwa hiyo melodia ikae chaneli yake na kodi zikae yake. Kwenye FL kila noti inaweza kurekebishwa yenyewe ndani ya ubao wa noti. Logic ina mipangilio ya kubadili mizani ya mradi mzima. Ableton Live iliingiza mifumo ya mizani tofauti kwenye toleo lake la 12, mwaka 2024. Mwenye kinanda cha Kiarabu, kile chenye vitufe vya kushusha noti, aangalie jambo moja: kushuka huko kunaweza kuwa kunafanyika ndani ya kinanda chenyewe, na kompyuta ikapokea mi ya kawaida. Rekodi sauti inayotoka kwenye kinanda, usitegemee MIDI yake.

Mdundo nao una lake. Vidude kumi na sita vinagawa kila pigo katika nne. Chakacha, kama ngoma nyingi za pwani, inagawa pigo katika tatu. Programu zote zinaweza kubadilishwa gridi, lakini hakuna inayokukumbusha, na matokeo yake ni chakacha zilizonyooshwa zikawa kitu kingine. Vilevile kile kitufe cha kusogeza noti kwenye mstari sawasawa: kitumie nusu, au usikitumie kabisa kwenye kayamba na msondo. Kuchelewa kidogo kwa mpigaji ndiko kunakomfanya mtu anyanyuke kwenye kiti.

Mengine kwa ufupi

Ableton Live ilitoka Berlin mwaka 2001, mikononi mwa watu waliokuwa wakipiga muziki wa kompyuta klabuni na kutaka kubadili wimbo papo hapo mbele ya wacheza dansi. Kama wewe ni DJ, au unataka kupanda jukwaani na kompyuta, hakuna ya kushindana nayo. Kwa chumbani ni nzuri lakini ghali. Ile Lite inayokuja bure na vifaa vidogo vya MIDI inatosha kuonja. Pro Tools waachie studio kubwa, isipokuwa unatafuta ajira huko.

Wenye simu pekee wasijione hawamo. BandLab ni ya bure, inafanya kazi kwenye Android, na FL ina toleo la simu. Nimesikia vibao vya mtaani vilivyoanzia simuni na sikuweza kuvitofautisha.

Kuhusu kompyuta: RAM ya GB 8 ndiyo pa kuanzia, na kabla ya kulaumu programu kwa "kuchelewa" tazama bafa. Bafa ya sampuli 256, kwa kasi ya 44,100 kwa sekunde, inachelewesha sauti karibu milisekunde 6, ambazo mwimbaji hazisikii. Ukiipandisha hadi 1,024 inakuwa milisekunde 23, na mwimbaji anaanza kujisikia nyuma yake mwenyewe. Ishushe wakati wa kurekodi, ipandishe wakati wa kumiksi. Washa hifadhi ya kujiendesha yenyewe, kila dakika tano, na kama ni kompyuta ya mezani weka betri ya dharura. Umeme haungoji kibwagizo kiishe.

Nakala za wizi nazo, maana tusipozitaja tutakuwa tunajidanganya. Programu nyingi zilizopo mitaani hazikulipiwa. Zimevunjwa kufuli na kupitishwa kwa flashi, na kwenye flashi hizo virusi hupata usafiri wa bure. Prodyuza anayekwenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kulalamika kwamba biti yake imetumiwa bila ruhusa, wakati kila kilichomo kwenye kompyuta yake kimetumiwa bila ruhusa, ana kesi ngumu mbele ya dhamira yake kabla ya kufika mbele ya ofisa. Zamani kisingizio kilikuwa hatuna kadi za kulipia nje. Sasa kadi za mtandaoni zinatolewa na benki na kampuni za simu. Na kwa asiye na pesa, LMMS ni ya bure kihalali na ina safu za vidude zinazofanana sana na za FL.

Mwisho wa programu unaweza kuja bila taarifa. Novemba 2017 kampuni ya Gibson ilisimamisha Cakewalk, sikwensa iliyokuwepo tangu 1987, na watu wakabaki na kazi za miaka wasijue zitafunguliwa na nini. Mwaka uliofuata BandLab iliinunua na kuigawa bure, lakini bahati hiyo haiji kila mara. Faili la mradi la FL halifunguki kwenye Reaper, la Logic halifunguki kwenye Live. Kwa hiyo kila wimbo ukiisha, toa kila ala na kila sauti kama faili lake la WAV, zote zikianzia sekunde sifuri, uzitunze nje ya kompyuta. Chaneli moja ya biti 24 kwa kasi ya 48,000 inachukua karibu MB 8.6 kwa dakika. Wimbo wa dakika nne wenye chaneli ishirini haufiki MB 700. Flashi ya GB 32 inabeba albamu mbili na nafasi inabaki.

Ukiniuliza niweke pesa yangu wapi, mwenye biti kichwani na kompyuta ya Windows namwambia anunue FL toleo la Producer asitazame nyuma, na mwenye kwaya au bendi namwambia Reaper. Wa taarabu aende na ile atakayoweza kuishushia mi bila kupigana nayo, na aijaribu mbele ya mpiga fidla. Usijaribu programu kwa nyimbo za mfano zinazokuja nayo, zimetengenezwa kukupendeza. Chukua wimbo wako mmoja, ule ulioshindikana, uanze ndani ya muda wa majaribio na uufikishe mwisho. Ukiisha kabla ya siku hizo kwisha, lipa.